Kingamwili za kung'aa za kutambua seli za kinga: ipi ununue kwanza ukiwa Nairobi

Kabla hujaomba ankara kwa wakala yeyote, nenda kwenye saitometa utakayotumia, yaani mashine inayomulika seli moja moja kwa leza na kusoma mwanga wa rangi zilizobebwa na kingamwili, uhesabu leza zake. Saitometa ya FACSCalibur, kwa mfano, ina leza mbili: ya buluu ya nanomita 488 na nyekundu ya 635, na inasoma rangi nne basi. Ukiagiza kingamwili yenye Brilliant Violet 421, rangi inayohitaji leza ya zambarau ya 405, seli zako hazitaonekana hata ukikesha. Pesa ya utafiti hapa kwetu hupatikana kwa jasho, kwa hiyo nimezipanga kuanzia ile ambayo ningeinunua leo.

Ya kwanza, bila kusita, ni vichupa vya kawaida vya kingamwili zenye rangi za FITC, PE na APC. Rangi hizi zimezoeleka, zinavumilia safari kuliko nyingi, na karibu kila mashine inazisoma. FITC haing'ai sana, kwa hiyo iweke kwenye alama, yaani protini za kutambulisha seli, zilizojaa juu ya seli, kama CD45 au CD8. PE inang'aa mno. Itunzie alama zilizo chache. Kwa kuanzia, CD3 itakuonyesha seli T, CD4 na CD8 zizigawe, CD19 ikupe seli B, CD14 monosaiti, na CD56 seli za NK. Chukua kichupa cha vipimo 25 kwanza kama kipo, hata kama cha 100 kinaonekana nafuu ukigawanya bei. Kingamwili usiyoijaribu kwenye damu ya watu wako bado hujaijua.

Hapo ndipo wengi wanateleza: wanasoma jina la alama, hawasomi jina la kloni, yaani ukoo wa seli uliotengeneza kingamwili hiyo, unaoamua inashika sehemu gani ya alama. Chukua CD4. Kloni ya OKT4 inashika sehemu ya protini ambayo kwa baadhi ya watu, hasa wenye asili ya Afrika, ina umbo tofauti kidogo. Aliyerithi umbo hilo kwa wazazi wote wawili ataonekana kwenye skrini kana kwamba hana seli za CD4, na kumbe ni mzima wa afya. Aliyelirithi kwa mzazi mmoja, mwanga wake hufifia. RPA-T4 na SK3 zinashika sehemu nyingine na hazina shida hiyo. Kwa utafiti unaofanyika Nairobi, jambo hili si dogo hata kidogo. Mwambie wakala akuandikie jina la kloni kwenye ankara. Akikujibu kwamba CD4 ni CD4, tafuta mwingine.

Ya pili ni mirija mikavu iliyokwisha kuchanganywa, kama DURAClone ya Beckman Coulter. Kingamwili zimekaushwa ndani ya mrija, unatia damu tu, na hazihitaji friji. Kama sampuli zako zinachukuliwa kliniki mbalimbali kwa miaka miwili, hii inaweza kuipita hata ile ya kwanza, maana mkono wa kila mfanyakazi utatoa kipimo kilekile. Ubaya wake ni kwamba huwezi kubadilisha alama moja ukabakiza nyingine.

Brilliant Violet 421 naiweka ya tatu. Ni nzuri sana, kama leza yake ipo.

Tandemu, yaani PE-Cy7, APC-Cy7 na ndugu zao, ni ya nne. Hizi ni rangi mbili zilizofungwa pamoja, moja ikipokea mwanga na kumpa mwenzake. Mwanga wa kawaida unavunja kifungo hicho. Niliwahi kuacha kichupa cha CD14 PE-Cy7 mezani karibu na dirisha, nikaenda kupokea simu iliyorefuka. Wiki ile monosaiti zangu zilianza kutokea kwenye njia ya kusomea rangi ya PE, mahali ambapo hazikupaswa kuwepo, na nilitupa data ya siku mbili kabla sijaelewa. Zinunue ukiwa tayari na karatasi ya foili na nidhamu.

Ya mwisho ni kingamwili isiyo na rangi, unayoifuatishia ya pili yenye rangi, inayoishika ile ya kwanza. Bei inavutia, lakini ukitumia kingamwili mbili za aina moja zilizotoka kwa panya, ya pili itazidaka zote bila kubagua. Isipokuwa unafanya kazi ya ng'ombe. Kingamwili nyingi za binadamu hazishiki seli za ng'ombe, na baadhi ya zile nzuri zilizaliwa hapahapa Kabete: IL-A11 ya CD4 na IL-A51 ya CD8 zilitoka ILRAD, taasisi ya utafiti wa magonjwa ya mifugo iliyoungana na nyingine mwaka 1994 ikawa ILRI. Anayechunguza ndigana kali aanzie huko.

Kuhusu safari: muulize wakala, kwa maandishi, nani anabadilisha barafu mzigo ukikwama forodhani JKIA. Usikubali mzigo ufike Ijumaa jioni. Ukifika, weka kwenye nyuzi 2 hadi 8, usigandishe kamwe, kwa sababu PE na APC zikiganda zimekwisha. Kisha jaribu kipimo kilichoandikwa, nusu yake, robo yake na thumni yake kwa damu ya mtu mmoja, na uchague kile kinachotenganisha vizuri seli zenye alama na zisizo nayo. Mara nyingi ni kidogo kuliko kilichoandikwa. Kiandike kwenye kichupa chenyewe kwa kalamu isiyofutika, pamoja na namba ya toleo na tarehe uliyokifungua.