DS-160: fomu ya viza ya Marekani kwa mwombaji wa F-1 (viza ya mwanafunzi)

Kujaza DS-160 ni bure. Anayekutoza stesheneri anauza muda na intaneti yake, na mara nyingi anabofya "hapana" kwenye maswali yote ya usalama bila kukusomea, wakati anayethibitisha kuwa majibu ni ya kweli ni wewe. Ada zenyewe ni dola 185 za viza na dola 350 za SEVIS (mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni), hii ya pili ilipwe kabla ya mahojiano. Mkenya asihangaike na kadi ya benki kwa hiyo 350. Haipokelewi, atafute Western Union.

Kero ya fomu ni muda. Ukiiacha dakika kama 20 bila kuigusa inakutoa nje, na ulichokuwa hujahifadhi kimekwenda. Nakili namba ya ombi inayoanza na AA kabla ya lolote, hifadhi kila ukurasa, kisha pakua faili lake, maana zikipita siku 30 bila faili hilo unaanza upya.

Kwenye majina ndiko wengi hujikwaa. Pasipoti ikiwa na MUSHI kama jina la ukoo na NEEMA JOHN kama majina mengine, jaza hivyo hivyo, hata kama cheti cha kidato cha nne kinaanza na Neema. Linganisha na I-20 (fomu unayopewa na chuo kilichokupokea) herufi kwa herufi. Zikipishana na kosa liko kwenye I-20, chuo ndicho kirekebishe; usiipinde fomu ifuate kosa.

Picha iwe ya mraba, pikseli 600 hadi 1200 kila upande, isizidi KB 240, bila miwani. Ile ya mstatili ya studio ukiivuta iwe mraba, uso unapanuka kama umejitazama kwenye kijiko. Ukiona X mahali pa picha kwenye ukurasa wa uthibitisho, haikupokelewa: beba ya karatasi, sentimita 5 kwa 5.

Andaa mapema watu wawili wa nchini kwako wasio ndugu zako, na anwani na simu zao. Akaunti za mitandao ya kijamii za miaka 5 zinaulizwa, na tangu Juni 2025 waombaji wa F wanatakiwa kuziacha wazi kwa umma.

Ukishapanga miadi kwa namba ya fomu moja, usijaze nyingine kimyakimya. Namba zisipolingana unaweza kurudishwa mlangoni.