Manda za friza nilizonunua Ngamiani, na ile siku nilivyoitwa mpika mumiani

Pakti tatu. Pakti tatu za manda, zile chapati nyembamba za kufungia sambusa, hakuna hata moja iliyofunguka vizuri, na juu ya hayo kuna kijana kanisimamisha mbele za watu kanicheka, kwa hiyo nasema mapema kabisa, lile duka la vitu vya friza la Ngamiani hapa Tanga mie sirudi na manda zao usinunue.

Ilikuwa mwezi wa kumi unaishia ishia. Dada yangu anaishi Uingereza, kule mwishoni mwa Oktoba shule huwa zinafungwa kama wiki moja hivi, basi akaja na wanawe wawili. Hao watoto wamezaliwa kule, kwao tarehe 31 ni Halloween, wanavaa vitisho wanapita kwa majirani kuomba pipi. Mama yetu akasema kwangu hapa hakuna mtu kuvaa shetani wala kumgongea mtu mlango usiku. Tukavutana weee mwisho tukakubaliana kwamba vitisho viwe kwenye sinia tu, na viwe vya chumvi, mana pipi walishakula mpaka basi. Mpishi akachaguliwa mama mdogo, ambaye ndio mie.

Na nilifurahi jamani, niseme ukweli. Hawa watoto nawaona mara moja kwa miaka, nilitaka wakirudi kule wawe na kitu cha kusimulia cha kwa mama mdogo Tanga.

Nilipanga vitu rahisi. Buibui wa soseji, unakata soseji vipande, unachomeka tambi mbichi zinatokeza huku na huku, unachemsha vyote pamoja, tambi zikiiva zinalegea zinakuwa miguu. Mayai unachemsha kama dakika kumi, unagongagonga ganda kwa mgongo wa kijiko mpaka lifanye nyufa ila HUMENYI, unalaza usiku kucha kwenye friji ndani ya chai ya rangi nzito yenye chumvi, asubuhi ukimenya unakuta utando wa buibui umejichora wenyewe. Hayo mawili yalitoka vizuri sana sina neno.

Kazi ilikuwa kwenye manda. Manda nilizitaka kwa vitu viwili. Cha kwanza popo, kwa sababu yule mdogo alipelekwa mapango ya Amboni akaona popo wananing'inia, tangu siku hiyo hana habari nyingine. Unakata popo kwa mkasi kwenye manda nzima, unakaanga, anakakamaa na mbawa zake. Cha pili mumiani. Sisi wa pwani tumekua tunatishiwa mumiani, wale wanaokamata watu kuwanyonya damu, ukizubaa nje magharibi unaambiwa mumiani hao watakuchukua. Kumbe hilo neno na jina la Kizungu la zile maiti za Misri ya kale zilizofungwa vitambaa, mummy, asili yake moja, linatokana na ile dawa nyeusi kama lami iliyokuwa inauzwa zamani, na watu huku wakawa wanaamini ni damu ya binadamu iliyokaushwa. Mie nilivyolijua hilo nililipenda, nikasema soseji zangu zitaitwa mumiani. Unaifunga soseji kwa vipande vyembamba vya manda unaacha upenyo wa macho basi.

Sasa mtaniuliza kwa nini sikutengeneza manda mwenyewe. Najua kutengeneza, nimefundishwa na shangazi, unasukuma chapati unazipanga na mafuta na unga katikati, unazipitisha kwenye kikaango kidogo tu, unazibandua zikiwa bado za moto vidole vinaungua. Lakini watoto ndani, wageni wanakuja kumsalimia dada, muda nitoe wapi. Na Ramadhani niliwahi kutumia hizi hizi za pakti, aina hii hii, zikafunguka kama kurasa za daftari. Ndio mana nilizinunua nikiwa na imani kabisa.

Nikaziacha ziyeyuke kwenye friji humo humo kwenye mfuko usiku kucha, kama inavyotakiwa. Asubuhi nafungua ya kwanza, ndani kuna chenga za barafu na maji. Nabandua, inachanika. Nabandua upande wa pili, inachanika. Ya pili vile vile. Ya tatu ndio tofali kabisa. Mtu anayejua manda anajua hiyo maana yake nini, zimeyeyuka zikagandishwa tena, sio mara moja, kila zikiyeyuka zinatoa unyevu na ule unyevu ndio unazigundisha. Nikakumbuka siku ya kununua lile friza halikuwa linaunguruma. Nilidhani umeme umekatika, lakini feni ilikuwa inazunguka!! Yaani wanalichomoa makusudi wabane umeme halafu wewe mteja unaondoka na uji ulioganda.

Nikarudi dukani. Nilienda kwa heshima wallahi, nikasalimia. Yule kijana wa kaunta ni umri wa mdogo wangu wa mwisho, shikamoo hakutoa, anachezea simu. Nkamwambia kaka manda hizi zimeshikana, naomba unibadilishie. Akaniambia bila kuniangalia, "Hujui kuzitumia." Nkamwambia nazijua, hebu angalia barafu ndani. Akauliza unapikia nini. Mie na roho yangu safi nikamweleza, ni za watoto wa dada, nafunga soseji ziwe kama mumiani. Alichofanya ni kuinuka na kupaza sauti duka zima lisikie, "Oneni huyu mama, anapika mumiani halafu anataka tumrudishie hela!" Watu wakacheka. Mzee mmoja akasema astaghfirullah akatoka. Nilibaki nimeshika mfuko wangu unavuja maji mpaka kwenye kandambili.

Sikujibu. Ningejibu ningelia. Nikaondoka na manda zangu, na kufika Alasiri jirani kashampigia mama kuuliza eti nasikia huko kwenu mnapika mambo gani. Mama yangu mtu mzima anaanza kujieleza kwenye simu kwa ajili ya soseji. Hilo mpaka leo linaniuma kuliko hela.

Haya sasa hapa ndio sijui nihukumu vipi. Nilirudi nyumbani nikataka kutupa, dada akasema lete tujaribu. Zile zilizochanika zimechanika vipande virefu vyembamba, vingine pana vingine kama uzi, kingo zimeraruka. Tukazifuta maji kwa taulo la jikoni, soseji nazo tukazikausha kabisa mana soseji ikiwa na maji manda inalowa haikauki. Tukafunga, tukapaka mafuta na kiini cha yai, oveni nyuzi 200 kama dakika kumi na tano. Zilitoka nzuri ajabu. Kama vitambaa vya zamani kweli vimechakaa, ningekata kwa mkasi zisingekuwa vile hata kidogo. Macho tukaweka nukta za mayonaizi, katikati ya sinia bakuli la pilipili ya nyanya kuwa damu. Mama mwenyewe, aliyeuliza mbona hawa wamevikwa sanda, alikula nne. Jirani aliyepiga simu naye alikuja, akala, akabebea na wajukuu.

Kwa hiyo kwa mumiani zile manda nitasema ni nzuri, tena nitasema nyota nne kwa kazi hiyo. Lakini popo hakupatikana hata mmoja. Popo anataka manda nzima. Yule mdogo alisimama kando ya jiko na mkasi wake wa shule anasubiri, nikawa namwambia bado mwanangu bado, mpaka akaelewa mwenyewe akaenda kuurudisha mkasi kwenye begi. Hakulia. Bora angelia. Nikikumbuka ile sura naondoa nyota zote nne.

Manda zenyewe nadhani kiwandani hazina shida, Ramadhani zilinifaa, ukizipata duka ambalo friza linaunguruma chukua, ila bonyeza pakti kwanza, ukisikia chenga za barafu ndani achana nazo. Hilo duka hapana. Au labda ningemkuta mwenye duka mwenyewe mambo yangekuwa mengine, sijui, watu wanasema ni mstaarabu. Lakini mie nilimkuta huyo kijana. Elfu tisa yangu sikuidai tena na wala siitaki, nilichokuwa nakitaka pale kaunta ni neno moja tu, aniambie pole dada, na hata bila kubadilisha manda ningeondoka nimeridhika.

Watoto wamesharudi kwao. Juzi mdogo kanipigia video ananiuliza mama mdogo wale popo umeshawapika? Nikamwambia nimeanza. Leo nimekanda unga.