Jioni nne za mafundisho parokiani, na swali la bibi yangu

Mafundisho haya yaliandaliwa na parokia moja ya upande wa Temeke, Alhamisi nne mfululizo, saa 11:30 jioni hadi saa 1:30 usiku. Mchango ulikuwa shilingi 10,000, na humo mna kijitabu cha kurudufu, chai ya maziwa na maandazi mawili kila jioni. Kwenye ubao wa matangazo waliandika: "Wasio Wakatoliki wanaokoka?" Niliisoma karatasi ile nikitoka misa ya kwanza, nikabaki nimesimama mpaka wanangu wakanivuta gauni.

Bibi mzaa mama ndiye aliyenilea, Mbagala, tangu nina miaka mitatu. Mwislamu wa swala tano. Mimi nilibatizwa upande wa baba, na kila Jumapili bibi ndiye aliyeniamsha, akanisuka, akanifungia sadaka kwenye ncha ya kitambaa, akanisindikiza mpaka kona ya kanisa, kisha akarudi zake. Ramadhani nilimkunia nazi ya futari. Alipofariki mwaka jana alizikwa siku ile ile, alasiri. Nikiwa bado mkekani, mama mmoja wa jumuiya yetu aliyekuja kunipa pole aliniinamia sikioni akasema, "Nje ya Kanisa hakuna wokovu, mwanangu. Ungemuwahi akiwa hai." Alisema kwa upendo kabisa. Ndiyo maana maneno yale yaliniingia hadi kwenye mfupa.

Mimi ni fundi cherehani, Tandika. Nashona magauni ya Komunyo ya Kwanza na nashona kanzu za Idi, na kufunga kibanda mapema Alhamisi nne ni hela iliyopotea. Kwa hiyo nasema nikijua nilicholipa: mafundisho haya yalistahili.

Jioni ya kwanza alifundisha katekista, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, sauti kavu, chaki mkononi. Nilimpenda kwa jambo moja: hakutubembeleza. Alianza na maneno magumu kuliko yote. Akatuambia usemi wa "nje ya Kanisa hakuna wokovu" unatoka kwa Mwafrika mwenzetu, Sipriani, askofu wa Karthago, mji uliokuwa katika nchi ya Tunisia ya leo, aliyeuawa kwa ajili ya imani mwaka 258. Halafu akaja kwenye Mtaguso wa Florensi, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, 1442, uliotamka kwamba wapagani, Wayahudi, wazushi na waliojitenga hawatauona uzima wa milele wasipoungana na Kanisa kabla ya kufa. Ukumbi mzima kimya, unasikia feni tu. Mimi niliinamisha kichwa, nikaanza kuhesabu vigae vya sakafu.

Kisha akarudi nyuma taratibu. Sipriani, akasema, alikuwa akiwakemea Wakristo waliokuwa wakilimegua Kanisa. Hakuwa amekaa kumhukumu mtu aliyezaliwa mbali asilijue. Na watu wa 1442 kule Ulaya waliamini Injili imekwisha kufika karibu kila pembe ya dunia, kwa hiyo asiyeamini wakamhesabu amekataa kwa makusudi. Mabara mazima yalikuwa hayajaingia akilini mwao. Kanisa halijayafuta maneno yale, alisema, ila limelazimika kuuliza yanamhusu nani. Hapo nikainua kichwa.

Jioni ya pili ilikuwa ya hadithi, na ndiyo iliyochangamsha watu. Alisimulia habari za Padre Leonard Feeney wa Boston, Marekani, aliyefundisha kwa ukali kwamba asiye Mkatoliki amekwisha. Mwaka 1949 Ofisi Takatifu ya Roma, inayolinda mafundisho ya imani, iliandika barua kumwambia askofu mkuu wa Boston kuwa hivyo sivyo: mtu anaweza kuungana na Kanisa kwa tamaa ya moyo, hata tamaa ambayo mwenyewe hawezi kuitaja kwa jina, mradi iwe na imani na upendo ndani yake. Feeney aliitwa Roma akakataa kwenda, na mwaka 1953 akatengwa na Kanisa kwa uasi huo. Alipatanishwa mwaka 1972. Kutoka Boston tukarudi hapa jirani, kwa Mashahidi wa Uganda. Baadhi yao walikuwa wakatekumeni, yaani watu wanaojiandaa kubatizwa, walipokamatwa. Mkatekumeni akiuawa kwa ajili ya Kristo kabla ya maji, damu yake ni ubatizo. Akifa kwa ugonjwa njiani, tamaa yake inahesabiwa. Mungu ameufunga wokovu kwenye ubatizo, akasema mwalimu, lakini yeye mwenyewe hakufungwa na sakramenti zake. Niliandika sentensi hiyo nyuma ya risiti ya vitambaa. Baadaye niliikuta kwenye Katekisimu, kitabu cha mafundisho rasmi ya Kanisa, namba 1257.

Lakini jioni ya kwenda hata kama mvua inanyesha ni ya tatu. Alikuja padre. Alituambia Papa Paulo wa Sita aliwatangaza Mashahidi wa Uganda kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, wakati Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukiendelea, na mwezi mmoja baadaye, 21 Novemba, ikapitishwa hati juu ya Kanisa, Lumen Gentium. Kardinali Rugambwa wetu alikuwa miongoni mwa mababa wa Mtaguso huo, kabla hajaletwa kuwa askofu mkuu wa Dar es Salaam. Ndipo padre akatusomea namba 16 ya hati hiyo. Waislamu wametajwa mle kwa jina: wanaoshika imani ya Ibrahimu, wanaomwabudu pamoja nasi Mungu mmoja, mwenye rehema. Na wale ambao bila kosa lao hawaijui Injili, lakini wanamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kujitahidi kutenda mapenzi yake kama dhamiri inavyowaonyesha, wanaweza kuufikia wokovu wa milele, kwa neema.

Nilinyoosha mkono. Nikasema, "Baba, bibi yangu alikuwa anajua. Kanisa lilikuwa mtaa wa pili, kengele anaisikia, mimi mwenyewe ananipeleka. Hiyo namba 16 inamhusu?" Maana namba 14 alikuwa ameisoma pia, kwamba anayejua Mungu aliliweka Kanisa kwa njia ya Kristo kuwa la lazima, kisha akakataa kuingia, hawezi kuokoka.

Padre hakujibu haraka. Aliniuliza bibi aliambiwa nini juu ya Kristo, na nani, na waliomwambia waliishi vipi mbele yake. Akasema kusikia kengele na kujua ni vitu viwili. Kujua kunakozungumzwa hapo ni kwa mtu aliyesadiki moyoni kwamba huu ndio mlango alioufungua Mungu, kisha akaupa mgongo. "Hukumu ya moyo wa bibi yako sikupewa mimi, wala hakupewa aliyekunong'oneza. Wewe umeruhusiwa kutumaini." Akaongeza kwamba akiokoka, ameokolewa na Kristo yule yule, kwa sababu mwokozi mwingine hayupo. Bibi asingekubali kauli hiyo, najua, na sikuona haki kuificha hapa.

Sasa lawama, na ninazo mbili. Ya kwanza ni kijitabu. Uchapaji umefifia, kurasa za 9 na 10 wamezifunga kichwa chini, lakini hilo linavumilika. Lisilovumilika ni kwamba namba 16 wameikata. Nilinunua hati kamili kwenye duka la vitabu vya dini mjini, nikakuta inaendelea: mara nyingi watu hudanganywa na Mwovu na kuibadili kweli ya Mungu kwa uongo, na kwa sababu hiyo Kanisa linahimiza kupeleka Injili. Mimi ndiye niliyehitaji faraja kuliko wote ukumbini, na bado nasema wasingeikata. Faraja niliyopewa nusu naishika kwa woga, nikingoja mtu aje kunisomea nusu ya pili.

Ya pili ni jioni ya nne. Ilibanwa na mazoezi ya kwaya, tukatolewa ukumbini saa 1 kamili. Dada mmoja aliyepoteza mtoto mchanga kabla ya kubatizwa aliuliza swali lake akijibiwa huku viti vinapangwa. Jibu lipo zuri: Katekisimu, namba 1261, inawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu, na mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia ilitoa hati nzima juu ya tumaini la wokovu wao. Ilibidi nimsimulie mimi, tukiwa kituoni tunasubiri daladala, kwa yale machache niliyoyashika. Swali kama lile lilihitaji jioni yake peke yake, na padre wa kukaa naye.

Wanasema watayarudia Kwaresima ijayo. Nenda, ila beba Katekisimu yako, na kaa mbele kwa sababu kipaza sauti kinakatika.

Jambo moja nililipata nje ya ukumbi, na kwangu ndilo kubwa. Baada ya jioni ya tatu nilimuuliza padre kama naweza kumwombea bibi misa. Akasema sheria ya Kanisa, kanuni ya 901, inamruhusu padre kumtolea misa mtu yeyote, aliye hai au marehemu. Jumatatu nikaenda ofisini kuandikisha nia ya misa. Dada wa ofisi akaniuliza jina la ubatizo la marehemu. Nikamwambia hana. Akaniangalia kidogo, akaandika nililomtajia, na la baba yake. Misa ilikuwa Alhamisi, saa 12 asubuhi, watu wachache, na padre akalisoma lote, herufi kwa herufi, kama bibi alivyoitwa Mbagala.