Wikendi ya shilingi 1,500 Kisumu: pa kwenda na cha kuagiza, kuanzia bora hadi cha kungojea mshahara

Kipimo changu ni kimoja. Noti ya elfu na ya mia tano mfukoni, watu wazima wawili, watoto wawili, na tunaanzia mtaa wa Manyatta. Nauli imo humo humo. Mahali pakizidi hapo, hata pawe pazuri namna gani, panashuka chini kwenye orodha yangu.

Kabla sijaanza, jambo moja nililojifunza kwa uchungu: pesa za matembezi ya hapa haziliwi na chakula. Zinaliwa na tuktuk unayoipanda bila kupatana bei, na soda nne zinazofika mezani kabla hujaulizwa. Chakula cha Kisumu bado ni rahisi ukijua kukinunua. Kwa hiyo nimepanga sehemu hizi kwa kuangalia nilichorudi nacho nyumbani, pamoja na utamu. Bei ni zile ninazolipa mimi. Wewe patana zako.

Ya kwanza: Dunga, lakini asubuhi

Watu wengi huenda Dunga, ufuo wa wavuvi wa Ziwa Victoria, jioni kutazama jua likizama ziwani. Ni kweli jua hilo ni zuri. Lakini jioni samaki waliobaki ni wale ambao wenzako wamewakataa tangu saa nne, na bei inasimama vile vile kwa sababu wateja ni wengi na wana njaa. Fika saa tatu asubuhi. Mashua zimesharudi, wavuvi wanakunja nyavu, na kina mama wanaouza wako kwenye beseni zao wakitaka kupunguza mzigo kabla jua halijawa kali. Wakati huo wewe mnunuzi una nguvu.

Samaki hanunuliwi kwa ukubwa. Mwinue kwa mkono. Ngege, yaani tilapia, aliyevuliwa usiku huo ni mgumu, ukimshika katikati hajikunji kama kitambaa. Macho yamejaa na yanang'aa, hayajazama wala kuwa na ukungu. Funua shavu uangalie matamvua: mekundu ni sawa, ya kahawia mrudishe kwenye beseni bila maneno mengi. Mbonyeze ubavu kwa kidole. Shimo likibaki, huyo amelala kwenye barafu siku kadhaa. Muuzaji atakutazama vibaya kidogo, halafu atajua amepata mtu, na samaki wa pili atakayekuonyesha atakuwa mzuri zaidi.

Usishangae kwamba unahitaji ujuzi huu ukiwa umesimama ukingoni mwa ziwa. Mjini Kisumu kuna ngege wa ziwani, kuna wa kufugwa kwenye vizimba humo humo ziwani, na kuna waliogandishwa waliotoka China. Wote huishia kwenye mafuta yale yale, na ukishawaona sahanini wamefunikwa nyanya ni vigumu kuwatofautisha. Sisemi wa vizimba ni wabaya. Mara nyingi wananona. Ninachosema ni kwamba usilipie wa ziwa ukaletewa wa katoni. Jicho langu humshuku samaki mezani anapofanana kabisa na wenzake wanne kwa urefu, kana kwamba wamekatwa na mashine. Ziwa halitoi samaki sare.

Ukishachagua, uliza maswali mawili kabla kisu hakijagusa magamba: "Huyu pamoja na kupikwa ni ngapi?" na "Ugali na mboga vimo?" Mwaka juzi, kwenye hoteli moja ya kando ya ziwa ambayo siitaji, nilinyoosha kidole kwa samaki mkubwa kwa sababu shemeji yangu alikuwa mgeni na nilitaka aone sisi ni watu. Sikuuliza. Bili ilikuja 1,800, ugali umeandikwa kando, kachumbari imeandikwa kando. Shemeji alisifu samaki. Mimi ladha yake siikumbuki.

Wa mchuzi au mkavu? Mkavu kama ni mdogo, kwa sababu mifupa midogo inakauka na kutafunika. Wa mchuzi kama ni mkubwa: anakaangwa kwanza mpaka ngozi ishike, kisha anarudishwa kwenye sufuria ya vitunguu, nyanya na dania, anachemka kidogo tu. Akiachwa sana ngozi inabanduka na unakula uji wa samaki. Ombea osuga (mnavu) pembeni, au dek (mgagani) iliyolazwa na maziwa. Uchungu wake ndio unaokata mafuta. Na kula kwa mkono, nawe mgeni. Uma na samaki wa mifupa havipatani.

Hesabu yetu ya mwisho: nauli 400 kwenda na kurudi, watoto wakipakatwa, ngege wawili wa wastani na ugali 800, maji tulibeba. Zikabaki 300, na 120 kati ya hizo zikaenda kwa soda mbili kwa sababu mimi pia ni mzazi. Baada ya kula mnaweza kutembea kwenye njia ya mbao iliyopita katikati ya mafunjo. Ulizia kiingilio kabla hujaikanyaga. Mafunjo ya Dunga yana ndege wasiopatikana nje ya mafunjo, na asubuhi wanapiga kelele utadhani kuna mkutano. Mashua ni kwa kupatana. Msipopata bei ya kikundi, iache. Na viboko wapo kweli, kwa hiyo watoto wasichezee ukingoni.

Kama mfuko ni mwembamba zaidi, kuna mgongo wazi. Viwanda vilipoanza kupeleka minofu ya mbuta (sangara) Ulaya, kilichobaki hapa ni kichwa na mfupa wenye nyama iliyong'ang'ania mbavuni. Wanaukaanga mpaka unakuwa mkavu kama kuni. Kuna watu wanauona ni chakula cha shida. Mimi nauagiza nikiwa na pesa, kwa sababu nyama ya karibu na mfupa ndiyo nyama.

Ya pili: Kaloleni jioni

Mtaa huu ndipo pesa hudumu zaidi, na kama si ziwa ningepaweka kwanza.

Reli ilifika ziwani Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence, na tangu hapo Kisumu haijawahi kuwa ya kabila moja. Waliletwa mafundi na vibarua kutoka India, wakafuata wenye maduka. Walikuja Wanubi, wazao wa askari wa Sudan waliotumikia Waingereza. Wakaja Wasomali, Waswahili wa pwani, Waluhya, Wakisii. Historia hiyo huioni kwenye majengo tu. Unaila. Tembea kutoka upande wa msikiti wa Jamia mjini mpaka ndani ya Kaloleni kuanzia saa kumi na moja jioni, na utapita sambusa, bajia, viazi karai vyenye ukwaju, mishkaki inayopepewa kwa kipande cha katoni, mahamri, na chai ya maziwa yenye iliki inayokugonga puani.

Shangazi yangu wa Mombasa alikuja kututembelea, na siku ya kwanza tukamwekea omena. Aliitazama. "Sasa hawa vidagaa wananitazama hivi, niwale mimi?" Nikamwambia, "Shangazi, hapa nazi hatuna." Siku ya pili nikampeleka Kaloleni. Alionja pilau, akatafuna taratibu kama hakimu, akasema bizari nyembamba imepungua. Halafu akamaliza sahani, akaomba ukoko.

Namna ya kununua hapa ni tofauti na Dunga. Usikae. Nunua kwa kipande, mahali tofauti, mle mkitembea. Sambusa ipapase kwa kidole: ikiwa vuguvugu na laini, ni ya mchana, ya sasa hivi inachoma na ganda lake linavunjika. Angalia mafuta ya karai. Yakiwa meusi na kutoa povu, sogea kwa jirani yake, wala usione haya. Pilau inunue pale sufuria inapoishia mapema, si pale inapokaa mpaka saa tatu usiku. Sahani moja kubwa inatosha watoto wawili. Kwa 700 wote wanne tulishiba mara ya mwisho, nauli ya matatu pembeni, tukarudi na mahamri ya kesho yake kwenye mfuko.

Mwezi wa Ramadhani nenda karibu na saa ya magharibi, kwa kuwa meza za barabarani huongezeka na kaimati hupatikana. Ila kumbuka wenzako wamefunga. Usisimame mbele ya mtu anayesubiri adhana ukatafuna bajia.

Ya tatu: makumbusho, kwa wenye watoto

Makumbusho ya Kisumu yalifunguliwa 1980 na yako kwenye barabara kuu ya kwenda Nairobi, kwa hiyo matatu yoyote ya upande wa Nyamasaria inakushusha mlangoni. Mwenye kitambulisho cha Kenya hulipa kiingilio cha mwananchi, kibebe.

Watoto wangu hawakumbuki vyungu. Wanakumbuka simba aliyemrukia nyumbu, wote wawili wamekaushwa, na wanakumbuka nyoka. Mimi nalipenda lile boma la Kiluo linaloitwa Ber-gi-dala, kwa sababu mpangilio wake unasomeka: nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, inatazama lango, ya nyachira, mke wa pili, iko upande wake, simba, yaani nyumba ya kijana wa kwanza, iko karibu na lango. Binti yangu aliuliza baba analala wapi. Nikamwambia aulize mwongozaji, na mwongozaji akacheka akasema inategemea.

Epuka siku za katikati ya wiki muhula ukiendelea. Mabasi ya shule yatakuzidi. Chakula usitafute ndani. Toka nje, vuka kwa uangalifu, uketi kwenye kibanda chochote chenye madereva wengi. Dereva hana muda wa kula mahali pabaya mara mbili. Agiza chapati na maharagwe, au matumbo kama unayapenda, na 150 kwa kichwa inatosha.

Ya nne: Kibuye, Jumapili

Si kila mtu huita soko matembezi. Mimi naita. Kibuye hufunguka kila siku, lakini Jumapili ndipo linapofurika mpaka barabarani, na unaweza kuzunguka saa tatu bila kununua kitu isipokuwa chakula. Nyoyo ya mahindi na maharagwe kwenye bakuli, parachichi la kukatiwa hapo hapo, miwa iliyomenywa. Kama unapitia upande wa samaki wakavu, bei ya gorogoro (kopo la kupimia) ya omena inategemea msimu: kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai uvuvi wa omena hufungwa ili wazaane, kwa hiyo bei hupanda na zinazouzwa mara nyingi ni za ghalani. Zilizo nzuri zina rangi ya fedha na hazina mchanga. Tia chache mdomoni utafune, meno yatakuambia.

Inashuka hadi nafasi ya nne kwa sababu mbili. Watoto wadogo wanapotea, na kuna mitumba. Mke wangu aliingia na 1,500 akatoka na koti la baridi. Kisumu.

Ya tano: hifadhi ya impala

Fupi: ni ndogo, iko karibu na mjini njia ya kwenda Hippo Point, na ukingo wake ni ziwa. Kuna impala wanaotembea huru, na nzohe, yule swala wa majini ambaye wengi hawajawahi kumwona. Shirika la wanyamapori halipokei pesa mkononi, unalipa kwa eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni, kwa hiyo maliza malipo nyumbani kwenye simu yenye moto badala ya kusimama langoni ukitafuta mtandao. Kwa familia yetu kiingilio kikitoka, ya kula inabaki kidogo. Beba mandazi na chai kwenye chupa. Tumbili watakunyang'anya moja. Hesabu hilo pia.

Ya kungojea mshahara: Kit Mikayi

Jiwe la mke wa kwanza, ndiyo maana ya jina lake, liko Seme, yapata kilomita 29 kutoka mjini kwenye barabara ya Bondo. Mawe yamepandana mpaka shingo inauma kutazama, na watu huja kusali na kufunga kwenye mapango yake, kwa hiyo ongea kwa sauti ya chini. Mahali penyewe ni pa kupendeza. Ila nauli ya watu wanne kwenda na kurudi, kisha boda kutoka barabarani kwa mwenye watoto waliochoka, kisha kiingilio na wa kukuongoza, na ile 1,500 imekwisha hata hamjanywa maji. Nenda tarehe mbili ya mwezi, na nyoyo yako kwenye mkebe, na viatu vya kushika mwamba. Ndara zangu mimi ziliishia juu ya jiwe, nikashuka kwa makalio, na bibi mmoja aliyekuwa akisali chini pale akaniambia, "Pole baba, lakini hata mlima una kanuni."