Saturn V au Falcon Heavy?

Vijiweni Mwanga, Kigoma, ubishi huu hauishi: ipi bora, Saturn V, roketi ya zamani ya NASA iliyopeleka watu Mwezini, au Falcon Heavy, roketi ya kampuni ya SpaceX? Kwa mzigo, mkongwe Saturn V hashikiki: tani zipatazo 140 hadi obiti ya chini, yaani njia ya kuzunguka Dunia kwa karibu. Falcon Heavy hubeba karibu 64, tena ikikubali kutupwa yote.

Injini za kuinukia ni 5 dhidi ya 27. Wingi husaidia moja ikizimika, ila vali na mabomba ya kukagua huongezeka; N1, roketi ya Wasovyeti yenye injini 30, iliruka mara 4 (1969–1972) na kufeli zote.

Kwa gharama, Falcon inashinda: roketi zake za pembeni hurudi, hutua, hukaguliwa, huruka tena. Sehemu za chini za Saturn V ziliishia baharini, vipandevipande.

Una setilaiti na bajeti finyu? Falcon. Kupeleka watu 3 pamoja na chombo cha kutua Mwezini kwa mruko mmoja? Saturn V, ingawa tangu 1973 hairuki.