Ukinunua maltimita, anza na tundu la 10A

Mwezi wa Aprili nilikuwa kwa mama mkubwa, Ahero, nikikagua sola yake ya wati 100. Nilipima mkondo wa paneli kwa maltimita, yaani mita ya kupima volti, mkondo na omu, nikapata ampea 5 na kitu, sawa kwa jua la saa sita. Kisha nikazungusha swichi hadi volti na kugusisha ncha kwenye betri ya asidi ya volti 12. Waya nyekundu ilikuwa bado imo kwenye tundu la 10A, lile la kupima mkondo hadi ampea 10. Cheche ziliruka, waya ikayeyuka mkononi, na kidole gumba changu kina kovu hadi leo. Mita hiyo nilikuwa nimeinunua mjini Kisumu kwa shilingi 450.

Baadaye wasomaji wawili, mmoja wa Bungoma na mwingine wa Siaya, waliniandikia kisa kilekile. Ndiyo maana leo sizungumzii taa ya skrini wala wingi wa tarakimu. Mita karibu zote husoma volti 12 vizuri.

Ukipima volti, mita hukaa kando ya saketi, na ukinzani wake ni omu milioni moja au zaidi, kwa hivyo haipitishi umeme wa maana. Ukipima mkondo, umeme wote lazima upite ndani ya mita, na tundu la 10A lina ukinzani mdogo mno, karibu sifuri. Liguse kwenye betri moja kwa moja na umeunganisha chanya na hasi kwa kipande cha chuma. Kuzungusha swichi hakusaidii. Betri ya asidi itamwaga mamia ya ampea, na cha kukuokoa ni fyuzi peke yake.

Kwa hivyo dukani soma maandishi kando ya tundu hilo. Yakisema UNFUSED, fyuzi hakuna. Irudishe mita mezani. Kisha omba ifunguliwe mgongo. Fyuzi ya kauri yenye mchanga huzima cheche, ya kioo inaweza kupasuka. Muuzaji akikataa kufungua, nenda kwa jirani yake.

Mimi nasimama na mita za kampuni ya UNI-T, na nafasi ya kwanza naipa modeli yao ya UT139C. Matundu ya mkondo yana fyuzi, na inatumia betri mbili za AA ambazo hata kioski cha kijijini kinazo. Ninayo, naipenda, sitaibadilisha.

Ya pili ni 17B+ ya kampuni ya Fluke. Fyuzi zake ni za hali ya juu, lakini bei yake ni ya mtu mwenye mshahara. Angalia usiuziwe Fluke 101 ukidhani ni ndugu mdogo anayefanya kazi hiyohiyo: haipimi mkondo hata kidogo, na wauzaji hawakwambii.

Zile mita rahisi za DT-830 zitumie kwa volti na omu tu, kwa sababu tundu lao la 10A kwa kawaida halina fyuzi. Ikiwa unayo, ziba tundu la 10A kwa selotepu.

Kuhusu omu, zima umeme kwanza, kisha gusisha ncha zenyewe kwa zenyewe. Mita ikisoma 0.5, toa 0.5 hiyo kwenye kila kipimo kidogo. Ukitafuta koili ya omu 2, nusu omu ni robo nzima ya jibu, na utatupa koili isiyo na kasoro bila sababu.

Kinachoniudhi zaidi ni maduka yetu. UT139C ileile, siku ileile, barabara ileile: duka moja 6,500, jingine 9,000, na wa 9,000 hakujua fyuzi iko wapi. Nilipouliza fyuzi ya akiba, nilipewa ya kioo ya redio. Duka la tatu kijana alinionyesha jinsi ya kuzungushia fyuzi iliyokatika karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, inayopitisha umeme kana kwamba fyuzi haipo. Ikiwa umeuziwa mita iliyotumika, fungua mgongo leo hii, kabla hujagusa betri yoyote, na ukikuta karatasi hiyo, itoe.