Kompyuta imezeeka: anza na SSD, prosesa ije mwisho

Hapa Kisumu wengi wetu tunanunua zile desktopu na laptopu za ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza, na sioni ubaya, ni mashine ngumu na bei inaeleweka, ila ikianza kujikokota mtu anakimbia town Oginga Odinga Street na anaambiwa shida ni prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote. Tulia kwanza. Vitu vya kubadilisha mimi navipanga hivi.

Namba 1 ni SSD, ile diski ya kisasa ya kuhifadhi vitu, na haina mpinzani. Windows na faili zako zote zinakaa kwa diski hata stima ikipotea, sasa hard disk ya zamani ni sahani inazunguka na kamkono kanatafuta vitu moja moja, inasoma kama MB 100 na kitu kwa sekunde, wakati SSD ya kawaida ya SATA inagonga karibu 500, na tena haina cha kuzunguka kwa hivyo vifaili vidogo inavipata hapo hapo. Chukua GB 256, ya 120 itajaa haraka. Laptopu nyingi za zamani zinatumia ya inchi 2.5. Ile nyembamba ya M.2 usinunue kabla ya kujua sloti yako, kuna ya SATA na kuna ya NVMe na si kila sloti inakubali zote. Na mtu akikuuzia TB 2 kwa bei ya kutupa, ijaribu na H2testw, programu ya kupima ukubwa halisi wa diski, hapo hapo dukani, kuna feki zinaonyesha TB 2 na ndani ni GB 64.

Namba 2, RAM. Hii ni meza ya kazi, ukifungua Chrome na tabu kumi meza inajaa, mashine inaanza kutupa vitu kwa diski na hapo ndio unaona inahang. GB 8 inatosha mtu wa ofisi na shule. Kabla ulipe fungua Task Manager, ingia Performance, bonyeza Memory, itakuonyesha sloti ngapi zimetumika. Halafu angalia ni DDR3 ama DDR4, kale kapengo chini hakako mahali pamoja so haiingii hata ukilazimisha, na ya desktopu ni ndefu kuliko ya laptopu. Laptopu zingine nyembamba RAM imechomelewa kwa madabodi (ile bodi kuu ya ndani), hapo sahau.

Namba 3 ni UPS, kale kaboksi ka betri ka kushikilia mashine stima ikipotea, kwa desktopu tu. Stima yetu tunaijua.

Kadi ya grafiki ni ya gemu na video editing, na zile desktopu ndogo za ex-UK pawasaplai yake haina nguvu sana, tafuta kadi fupi ya kuchota umeme kwa sloti peke yake, isizidi wati 75.

Prosesa mwisho kabisa. Kwa laptopu nyingi haitoki, kwa desktopu lazima ilingane na madabodi. Ukitaka mpya uza hiyo mashine uchukue nyingine, na uangalie namba: i5-8250U ni gen 8 (kizazi cha nane), i5-6300U ni gen 6. Microsoft iliacha kusapoti Windows 10 mwezi wa kumi 2025, na Windows 11 kwa Intel inaanzia gen 8, so gen 6 ikiuzwa bei ya gen 8 mwambie muuzaji apunguze ama uende duka linalofuata.